Chumo la Mchoraji na Amana ya Mwalimu

  

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa upande wa Msambweni, ambaye kazi yake ni kuchora picha kwa rangi. Asubuhi huchora, na picha zake huuzwa Diani kwa wageni wanaofikia mahoteli ya pwani. Na jioni, siku mbili kwa juma, huwafunza watoto na vijana kuchora, kwa malipo kidogo. Asema kuwa baadhi ya wazazi wamewatoa watoto wao katika darasa lake baada ya kusikia mawaidha ya kwamba kila mchoraji ni mtu wa Motoni, na kwamba pesa zake ni sawa na pesa za mvinyo. Auliza mambo matatu: Je, riziki yake ni ya halali? Je, yafaa kuwafunza watoto wa Kiislamu kazi hii? Na ikiwa haifai, aiache leo, naye ana mke na watoto wa kulisha, wala hana kazi nyingine aijuayo?

Hatutamjibu kwa neno moja. Neno moja la mtu wa dini laweza kumfungia mtu duka lake, na anayelisema hurudi nyumbani akakuta chakula chake kipo mezani. Suala kama hili lataka kusomwa, na kupimwa, na kujadiliwa, na ndivyo tulivyofanya katika vikao kadhaa vya darasa letu.

Kwanza yatupasa tuseme wazi kwamba khofu ya wazazi wale haikuzuka bure. Hadithi ziko, tena ni sahihi, katika Bukhari na Muslim, zinazowaonya vikali wenye kufanya sanamu, na zinazosema kuwa wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie roho vile walivyoviumba. Mwenye kutaka kuzipuuza hadithi hizi kwa sababu zama zimebadilika, sisi hatumo pamoja naye. Lakini mwenye kuzisoma nusu, naye hatumo pamoja naye. Kwani katika mlango uo huo iko khabari ya mtu aliyekuwa na shida kama ya ndugu yetu huyu, na ajabu ni kwamba wanaoitoa mimbarini huikata katikati.

Alikuja mtu kwa Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, akamwambia kuwa maisha yake yatokana na kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kufanya picha. Hakuja kufanya ubishi. Alikuja kama anavyokuja mtu aliye na deni. Ibn Abbas hakumfukuza. Katika mapokezi ya Muslim twasoma kuwa alimwambia asogee, akasogea, akamwambia asogee tena, mpaka akamwekea mkono kichwani, ndipo alipomweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.). Na katika mapokezi ya Bukhari twasoma kuwa mtu yule alishtuka kwa mshtuko mkubwa, na uso wake ukageuka rangi. Hapo ndipo wengi wetu hukomea, kama kwamba ule uso uliogeuka rangi ndio uliokuwa makusudio. Ibn Abbas hakukomea hapo. Alimfungulia mlango: ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti, na kila kitu kisichokuwa na roho.

Yaangalieni vizuri mambo haya, ndugu zetu. Hakumwambia atupe vyombo vyake. Hakumwambia mkono wake umelaaniwa. Aliutazama ule mkono ulio na ufundi, akautafutia kazi nyingine katika ufundi ule ule. Huko ndiko kufutu. Kwani mufti akimwondolea mtu riziki bila ya kumwonyesha ya badali, ameifanya nusu ya kazi, na iliyo ngumu ameiacha.

Ama vile vyenye roho, hapo ikhtilafu ni ya zamani, nasi hatuna sababu ya kuificha. Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani, kwa kuwa ni Mashafi, twamtegemea sana, amesema katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa kuchora chenye uhai ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho. Na ile kauli ya kwamba kilichokatazwa ni chenye kivuli tu ameiita kauli batili. Lakini waliosema kauli hiyo si watu wa mitaani. Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeipokea kwa shangazi yake, Bibi Aisha, hadithi ya mto wenye picha, imepokewa kuwa nyumbani kwake palikuwa na pazia lenye picha za wanyama. Wengi katika wanazuoni wa Kimaliki wameona kuwa picha isiyo na kivuli ni makuruhu, si haramu. Na iko hadithi ya Abu Talha, ambayo ndani yake umetolewa nje ya katazo mchoro ulio katika nguo.

Katika zama za karibu, Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, baada ya safari yake ya Sicily ya mwaka 1903, aliandika katika jarida la al-Manar kuwa hadithi zile zilikuja wakati picha zilikuwa ni za kuabudiwa au za upuuzi, na kwamba pakiondoka mambo mawili hayo, ikabaki faida ya elimu na kuhifadhi khabari za watu, hukumu yake si ile. Wasomaji wetu wanajua kuwa al-Manar lilisomwa Mombasa, na kwamba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, aliathirika sana na mwito wa watu wale wa Misri. Hatusemi kuwa yeye alikubali kila walilolisema. Twasema tu kwamba mlango wa kutazama dalili ulikwisha kufunguliwa kwetu zamani, wala si sisi wa leo tuliouvunja.

Sisi wenyewe katika darasa hatukuwafikiana juu ya jambo hili. Wengi wetu twabaki na kauli ya Nawawi kwa ajili ya hadhari. Wawili au watatu wanaona nguvu ya kauli ya pili. Tulilowafikiana ni hili: sanamu ya kuchongwa ya kiumbe hatuiruhusu, picha ya kuonyesha tupu ya mtu hairuhusiwi na yeyote, na mwenye kuchora ndege au samaki katika karatasi kwa kuifuata ile kauli ya pili, hatumwiti fasiki, wala hatuwatoi watoto wetu kwake kama kwamba ana ukoma.

Na hapa twaomba ruhusa ya kusema neno kidogo la pembeni. Wale wale wanaomkataza mchoraji wa Msambweni, ikifika siku za uchaguzi, huzipanga nyuso za wagombea katika kuta za maduka yao kuanzia Ukunda hata Lungalunga, kubwa kuliko nyuso zenyewe. Arusi zao hupigwa picha tangu kutiwa hina mpaka bibi arusi kufika kwa mumewe. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, na mwenye kumfuata ana hoja yake. Lakini asiyemfuata mtu, ila hukataza cha mwenziwe na kukihalalisha chake, huyo hoja yake ni ipi?

Basi tukikubali kuwa miti, na bahari, na majumba, na majahazi, na nakshi, na khati ni halali kuchorwa, ndugu yetu ana uwanja mpana. Je, khabari imekwisha? Sisi twaona bado haijaanza. Watu wameshughulika mno na suala la *anachora nini*, wakaliacha suala la *anauza vipi na anafunza nini*. Na katika hayo mawili ndimo muna hatari kubwa zaidi ya dini yake.

Kazi ya kuuza picha pwani ya Diani ina majaribu yake. Mgeni hukaa siku saba, au kumi. Anataka kitu cha kurudi nacho kwao, na anachokitaka amekwisha kukiona katika vitabu kabla hajapanda ndege: simba chini ya mti, jua jekundu, mlima wenye theluji kileleni. Mchoraji wa Msambweni hajamwona simba kwa macho yake, wala hajaukaribia mlima huo. Lakini anajua kuwa hiyo ndiyo picha itakayouzwa kabla ya Magharibi, nayo ile ya ngalawa aliyoichora kwa siku nne itarudi nyumbani. Basi huchukua picha ya mwenziwe, akaiiga. Na mwenziwe naye aliiiga ya mwingine. Mwisho wake hupanga picha ishirini zisizokuwa na tofauti, na kila moja humwambia mgeni kuwa hakuna nyingine kama hii duniani.

Huu ni ghishi. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta juu pakavu na ndani majimaji, akamwambia mwenyewe maneno mazito tunayoyajua sote. Lundo lile lilikuwa ni chakula cha halali. Hakuna aliyesema kuwa nafaka ni haramu. Uharamu uliingia katika kule kuficha. Vivyo hivyo mtu aweza kuchora mnazi, ambao ni halali kuchorwa, akala haramu kwa mnazi huo, kwa kuusema kuwa ni kazi yake na hali ni ya mwingine, au kuwa ni wa zamani na hali ameupaka moshi jana. Na kama mnunuzi si Mwislamu, haki yake ya kutodanganywa haipungui kwa chochote.

Juu ya kuiga, twapenda kukumbusha jambo. Sisi tunaojiita watu wa islahi, kwa miaka mingi tumepiga kelele juu ya taqlidi: mtu kufuata la mwenziwe bila ya kujua dalili yake. Twaona haya kwamba tunaikemea katika fiqhi na kuinyamazia katika ufundi. Mtoto anayefunzwa kuchora kwa kuiga picha ya kuuzia, hafunzwi kutazama. Amefunzwa kwamba macho ya mwingine yanamtosha. Naye akikua na tabia hiyo hataiacha katika brashi peke yake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwa Tanzania aliyehamia Dar es Salaam. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, kwani ndizo alizoziweza kununua. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Picha zake zilipoanza kununuliwa, aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake, akawakalisha chini pamoja naye, akawafunza. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kazi yake yote ilikuwa ni ya miaka minne hivi. Lakini wanafunzi wake waliendelea, nao wakawafunza wengine, hata mwaka 1990 kikasajiliwa chama chao cha ushirika, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaouzwa katika vibanda vya Unguja na vya Nairobi.

Hayo ni matunda makubwa ya mtu aliyefunza kwa muda mfupi. Lakini mti huo huo una tunda jingine. Picha nyingi za kughushi zimeuzwa kwa jina lake baada ya kufa kwake, na katika zile zinazouzwa barabarani nyingi ni mfano wa mfano. Tingatinga aliwapa wanafunzi njia ya kula. Wengine katika waliofuata baadaye wakadhani aliwapa kitu cha kunakili. Hatumlaumu marehemu. Twamwambia mwalimu wa Msambweni tu kwamba haya yote mawili yanaweza kutoka katika darasa moja, na yeye ndiye atakayechagua ni lipi alipalilie.

Na mfano wa pili ni wa Mwislamu mwenzetu, Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na mtoto alianza kuijua kalamu na wino hapo hapo, kwa kuandika ubao na kuupamba. Alikwenda kusoma London katika shule ya Slade, akarejea Khartoum mwaka 1957, akawa mwalimu wa sanaa. Alipoonyesha kazi alizozileta kutoka huko, watu wa mji wake hawakuvutiwa nazo. Wengine wangalisema watu hao ni wajinga. Yeye alifanya kinyume: alizunguka nchi yake, akatazama nakshi za nyumba, na vyombo, na khati ile ile aliyoijua utotoni, na humo akapata njia yake. Baadhi ya picha zake zina nyuso za watu, nasi tumekwisha kusema rai yetu juu ya hilo. Tunachokitaka kwake ni ile safari ya kurudi kutazama.

Na kwetu kuna cha kutazamwa. Diani kuna Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya bahari karne nyingi zilizopita, penye mlango wa mto Mwachema, mibuyu imeuzunguka, na mpaka leo husaliwa. Gazi kuna mikoko, na njia ya mbao inayopita ndani yake, ambayo huangaliwa na kina mama wa mji ule. Kuna Wasini na mawe yake, Shimoni na mapango yake, na maji ya bamvua yanapokupwa hata ufuko ukawa shamba. Na mwenye kufuata ile kauli ya pili na kuchora wanyama, juu ya Milima ya Shimba yuko palahala, ambaye katika Kenya nzima hapatikani porini ila hapo. Twauliza ni vibanda vingapi vya Diani vyenye picha yake, na ni vingapi vyenye simba. Wala ufundi wa pwani haukuwa na haja ya kuazima. Misahafu iliyoandikwa Siyu, milango ya Lamu, macho yanayopakwa katika omo za majahazi, miji ya leso: yote hayo ni kazi za watu waliojua mstari na rangi, na wengi wao walikuwa watu wa swala tano.

Lililobaki ni haki ya mwanafunzi, na hili twaliona kuwa ndilo lililoachwa kabisa. Imekuwa ni ada katika karakana nyingi kwamba kijana hupaka mbingu na bahari, na mkubwa humalizia na kutia jina lake. Na wakati mwingine kijana hufanya yote, na mkubwa hutia jina tu. Kijana hupewa nauli na chakula cha mchana. Akiuliza, huambiwa kuwa yeye bado anajifunza. Sisi twasema: ikiwa yeye ni mwanafunzi, basi asiuziwe kazi yake, na ikiwa kazi yake yauzwa, basi amekwisha kuwa mfanyakazi, na mfanyakazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, kama tulivyofunzwa. Wapatane mwanzo, kwa maneno yaliyo wazi, fungu lake ni lipi. Na jina linalotiwa chini ya picha liwe la aliyeichora. Au, ikiwa mikono ilikuwa mingi, mnunuzi aambiwe kuwa ni kazi ya karakana. Mkataba wa kheri hauogopi kusemwa.

Kuna wazazi waliotuambia kuwa hata hayo yakitimia, kuchora ni kumpotezea mtoto wakati, kwani hakuna kazi ndani yake. Twawajibu kwa ufupi.  Mtaala ulioanza kutumika katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019 umeitia sanaa miongoni mwa masomo. Watoto wetu watafunzwa kuchora shuleni, tupende tusipende. Suala ni kama atakayewafunza atakuwa mtu anayejua mipaka ya dini yao au asiyeijua.

Basi jawabu zetu kwa ndugu yetu ni hizi. Chumo lake katika visivyokuwa na roho ni halali, naye ale kwa moyo mweupe, maadamu hakughushi. Katika vyenye roho, sisi twampendelea ajiepushe. Na ikiwa atafuata kauli ya walioruhusu, aifuate kwa kuwa ameisoma, si kwa kuwa inauzwa. Zile picha za simba zilizobaki nyumbani kwake hatumwamuru azichome moto. Asichore nyingine kwa kuiga, na hizi, akiziuza, amwambie mnunuzi ukweli wake. Kufunza kwake ni jambo la kheri, na malipo anayoyachukua ni ujira wa halali kama ujira wa fundi yeyote. Asiiache kazi yake.

Na kwa kuwa wenye nyumba aliyokuwa akifunzia wameitaka nyumba yao kwa sababu ya maneno ya watu, tumekubaliana kumpa chumba cha darasa letu kila Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, kwa watoto wa kiume na wa kike, kila kundi na saa yake. Masomo ya miezi mitatu ya kwanza yatakuwa khati, nakshi, na miti. Mikeka ipo. Makaa ya kuchorea tutayatoa sisi. Karatasi kila mtoto aje na zake. Wazazi wanaotaka kukaa na kutazama watapewa viti.